Sinema Mbili na Kigoda cha Bibi

Katuni za vitu vinavyoamka mwenye nyumba akishatoka zote ni katuni moja. Wajukuu wangu hawakubali. Wananiambia hii ni ya viatu, ile ni ya vyombo vya jikoni, nyingine ni ya zana za gereji, kwa hiyo bibi usichanganye mambo. Mimi nawajibu kwamba nazijua hizo tangu Mwingereza yuko Tanganyika, na hazijabadilika hata chembe. Mlango unafungwa, nyayo zinaondoka, halafu kitu cha kwanza kinafumbua jicho. Wao wanacheka, mimi natafuta sababu ya kwenda nje. Watoto wangu wanadhani ni ukali wa uzee tu, ndiyo maana nimeona niandike.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, nikikaa kwa bibi mzaa baba kule Kimwani. Baba alikuwa karani wa mizani ya kahawa Bukoba mjini, na nyumba yake ya bati ilikuwa Ijuganyondo. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida mjukuu wa kike kupelekwa kwa bibi yake amtekee maji na kumwondolea upweke. Bibi alikuwa mjane. Aliishi kwenye msonge aliojengewa na babu, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, na kaburi la babu lilikuwa hapo hapo nyuma ya nyumba. Kwa mila, kibanja kilikuwa cha baba, mrithi. Bibi alibaki pale kwa sababu bado alikiweza: alipalilia, alichuma kahawa, alijipikia. Siku akishindwa angechukuliwa akakae mjini kwa mwanawe, na kibanja angepewa mtu wa ukoo akitunze. Hilo lilizungumzwa wazi mbele yake, hata mbele yangu. Bibi aliitikia kwa lile neno la heshima la Kihaya, "Sawa, waitu," kisha akageuza mazungumzo kwenye habari za mvua.

Gari la sinema lilikuwa likija kwetu mara moja moja, likipitia Muleba. Mtu wa gari, karani mmoja mnene mwenye kipaza sauti, alituonyesha picha ndani ya darasa la shule ya misheni mchana kweupe, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na mikeka. Picha zake zilikuwa za mafundisho. Chuma kahawa iliyoiva, usikwangue tawi zima. Anika kwenye mkeka, si kwenye udongo. Chemsha maji. Chimba choo mbali na kisima. Yeye alitafsiri kila kitu kwa Kihaya, na watu walirudi nyumbani wakafanya walivyoelekezwa, au angalau wakabishana juu yake. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana kosa langu lilianzia hapo. Tulikuwa hatujui kwamba sinema inaweza kusema uongo. Kila tulichoonyeshwa kilikuwa kitu cha kweli tulichotakiwa kwenda kukifanya.

Basi siku moja, baada ya picha ya choo, karani akaweka nyingine ambayo hakuitolea maelezo mengi. Alisema tu, "Hii ni ya kufurahisha." Ilikuwa ya kuchorwa. Mama mmoja wa Kizungu alifunga mlango wa jiko lake akaenda zake. Tulidhani sinema itamfuata, maana sinema humfuata mtu. Haikumfuata. Ilibaki jikoni na sufuria. Mara kifuniko kikainuka, kijiko kikashuka ukutani, birika lililokuwa kuukuu kuliko vyote likaanza kuamrisha. Vilicheza, viligombana, na kikombe kimoja kidogo kilitoka nje kikapotea. Nyayo za yule mama ziliposikika, kila kimoja kilikimbilia mahali pake kikakaa kimya. Ila kikombe kilichelewa. Kilikutwa kimesimama mezani badala ya kabatini. Mama akakitazama, akajikuna kichwa, akakirudisha kabatini bila kuelewa kitu.

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama pembeni nikamwona bibi naye anacheka, ila alianza kucheka wenzake walipokuwa wakimalizia.

Njiani watu wazima walibishana. Mmoja alisema vyombo vya Wazungu vinaweza kabisa kufanya hivyo, kwani hata gari lao halivutwi na ng'ombe. Mwalimu wetu alisema ni michoro tu. Moyoni nilimkatalia. Choo nacho kilikuwa cha kuchorwa, mbona tulikichimba? Bibi alikuwa ameshika bega langu, kama alivyozoea tukiwa njiani, akaniambia, "Hebu nisimulie ulichoona, nipime kama tumeona kitu kimoja." Nikamsimulia kuanzia mlango hadi kikombe. Alisikiliza sana. Nilipomaliza alisema tumeona kitu kimoja, na nikafurahi kwamba nimepata shahidi.

Tangu siku hiyo nilianza kuitilia shaka nyumba yetu.

Ndani ya msonge kulikuwa na vitu vichache. Kigoda cha bibi, mtungi wa maji, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambayo hupewa mgeni, kibuyu, ungo, chungu cha ndizi, na mafiga yenye moto katikati. Sakafu ilitandikwa nyasi, na nyasi huonyesha kila kilichopita juu yake. Nikaanza kuzichunguza. Niligundua kwamba vitu vya bibi vilikaa kwa mstari, kuanzia mlangoni hadi kitandani: kigoda, halafu mtungi, halafu kikapu, kila kimoja umbali wa mkono ulionyooshwa kutoka kwa mwenzake. Asubuhi nilikuwa nakalia kigoda nje, nakiacha pale kizingitini nikiwahi shule. Nikirudi nakikuta ndani, mahali pake, kiguu kile kile kimeelekea mlangoni. Nilisogeza kibuyu kwa vidole viwili tu, nikaenda kisimani. Niliporudi kilikuwa kimerudi kwa vidole viwili.

Nikauliza, "Bibi, nani amesogeza kibuyu?"

"Kibuyu kipo mahali pake," alijibu, akiendelea kumenya ndizi.

Jibu hilo halikuniridhisha. Niliweka ujani mmoja juu ya kifuniko cha chungu nikauona umeanguka. Nilichungulia kwenye matete ya ukuta muda mrefu hadi shingo ikauma, na vitu havikutikisika. Mtu mwenye akili angeridhika. Mimi niliona huo ndio ushahidi wenyewe, kwa sababu hata vya kwenye sinema havikutikisika mtu akiwepo.

Kibaya zaidi nilianza kumshuku bibi mwenyewe. Akiingia ndani alikuwa anavigusa. Alipitisha kiganja juu ya kigoda, akagusa shingo ya mtungi, akapapasa kikapu, ndipo akakaa. Wakati mwingine alivisemesha kwa sauti ndogo. Nilidhani anavipa taarifa. Nilimwona kama lile birika kuukuu, mkubwa wao, anayejua siri na kunificha mimi niliyeletwa kumsaidia. Nililala mgongo ukiwa ukutani, na sikukalia tena kile kigoda.

Leo kila mtu anayesoma hapa ameshajua bibi alikuwa na nini. Mimi sikujua, na kijiji kizima hakikujua, kwa sababu adabu zetu zilimfichia. Kwetu mdogo ndiye hutangulia kusalimu. Msichana hupiga magoti, hutaja salamu, naye mzee huitikia baada ya kuisikia sauti. Hakuna aliyemtegemea bibi amtambue mtu kwanza. Ndizi kila mwanamke humenya huku akitazama pembeni. Kahawa, mgeni husogezewa kikapu, naye huchota mwenyewe. Kanisani, kwetu Walutheri, nyimbo alikuwa anazijua zote kwa moyo, na kitabu alikishika wazi mikononi kama wenzake. Palizi tu ndiyo ilianza kumshinda, kwa kuwa jembe haliwezi kupapasa. Magugu yalianza kuonekana karibu na barabara.

Miezi kadhaa baadaye gari la sinema lilirudi, karani yule yule, mablanketi yale yale. Baada ya picha ya kupogoa mibuni akaweka ya kufurahisha. Safari hii ilikuwa karakana ya fundi seremala. Fundi alitoka, akafunga mlango, na sinema ikabaki ndani. Nyundo ikaamka, randa ikaamka, msumeno kuukuu usio na meno mengi ukawa mkubwa wao. Msumari mmoja mdogo ukapotea nje. Nyayo zikasikika, wote wakakimbilia mahali pao, ila mmoja akachelewa, na fundi naye akajikuna kichwa.

Sasa nilikuwa na mashahidi wawili. Jiko na karakana havijuani, nyumba mbili tofauti, watu wawili tofauti, na habari ni ile ile. Katika shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba neno huthibitika kwa mashahidi wawili. Nilikaa darasani nikizilinganisha sinema zile mbili badala ya kufanya hesabu. Nikaona kitu ambacho nilidhani hakuna mtu mwingine amekiona: katika zote mbili, kitu kisichokuwa mahali pake ndicho hukamatwa. Kwa nini? Kwa sababu lazima kirudi. Hakiwezi kuvumilia kukaa pengine. Kwa hiyo mtu akivihamisha vyote kwa wakati mmoja, kisha akasimama kimya bila kuondoka wala kupepesa macho, vitalazimika kutembea mbele yake. Nilijiona mjanja kuliko yule mama wa Kizungu na yule fundi wakiwa pamoja.

Jumamosi moja baba alikuja kutoka Bukoba. Alikuja bila kutuma habari, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilimwona kwanza akizunguka kibanja peke yake, mikono nyuma, akitazama yale magugu ya barabarani. Ndipo akaja uani. Alisalimu, na bibi akaitikia kwa furaha ya kweli, akamuuliza habari za mama na za watoto wengine, akamwambia kwamba amekonda. Baba alikuwa hajakonda. Aliangalia mavazi ya bibi, aliangalia miguu yake, aliangalia jinsi alivyokaa. Nilimjua baba. Mizanini alikuwa na sifa ya kuingiza mkono hadi chini ya gunia kutafuta kahawa mbichi, na sasa alikuwa akimtazama mama yake hivyo hivyo.

Bibi alimshinda kabisa. Aliongea habari za kila jirani, alimcheka kwa jambo la utotoni, alimwonyesha kwa kidole mkungu ulio tayari kukatwa, na mkungu ulikuwepo, kwa sababu asubuhi alikuwa ameushika. Nilimwona baba analegea. Akavua koti.

Mimi niliona nafasi yangu ndiyo hiyo. Bibi yuko nje, baba yuko nje, nyumba tupu. Nikaingia ndani. Nilichukua kigoda nikakiweka katikati ya njia, karibu na mafiga. Mtungi nikausogeza kushoto. Kikapu nikakipeleka upande wa kitanda, na ungo nikauweka palipokuwa na kibuyu. Nikajibana ukutani nikakodoa macho na kuanza kungoja.

Nikasikia bibi anasema nje, "Ngoja nikuletee kahawa utafune, mwanangu." Nikasikia nyayo zake. Nilifurahi, maana nyayo ndizo huvikimbiza.

Aliingia, akanyoosha kiganja mahali pa kigoda. Hapakuwa na kitu. Alisimama kidogo. Akanyoosha mkono kwenye mtungi, nao haukuwepo. Angeweza kurudi nje akajivutia muda kwa maneno, lakini mwanawe alikuwa akimngoja, naye alitaka kufanya haraka. Akapiga hatua ya tatu, mguu ukanasa kwenye kigoda, akaanguka na mkono mmoja ukaingia kwenye majivu ya moto.

Kwa nilichokifanya wakati huo nimeshindwa kujisamehe mpaka leo. Niliendelea kukitazama kigoda. Kilikuwa kimelala ubavu, na nilikuwa nangoja kikimbie.

Bibi hakupiga kelele. Alitoa mkono kwenye majivu, akakaa kitako, akaanza kupapasa nyasi kwa mkono mzima, kulia na kushoto, akitafuta jinsi nyumba yake ilivyogeuka. Kisha akainua uso ukanielekea. Tulikuwa tumetengana hatua mbili, na mlango uliokuwa wazi ulinimulika. Akauliza, "Nani yuko hapo?"

Hapo nilielewa. Nilielewa lote kwa mara moja, mstari wa vitu, kiganja, bega langu njiani, kicheko kilichochelewa kule shuleni. Hakuna kitu kilichokuwa hai mle ndani isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akijitahidi tusijue kwamba haoni.

Baba akaingia. Alimwinua, akautazama mkono, kisha akatazama vitu vilivyotapakaa. Bibi alisema, "Kigoda hiki hakikuwa hapa. Mtu amekihamisha."

Baba akanigeukia. "Ni wewe?"

Ningesema ndiyo, angenichapa, angemfunga bibi kitambaa, kisha angekaa chini atafune kahawa yake. Mtu yeyote hujikwaa kwenye kigoda kilichowekwa njiani na mtoto mtundu. Nilijua hivyo hata kwa akili yangu ya utoto. Lakini niliogopa kiboko, na jibu lilikuwa karibu, nilikuwa nimelitayarisha kwa miezi.

"Sikukigusa," nilisema. "Kimehama chenyewe."

Baba alikitazama kigoda, akamtazama mama yake. Kisha baba akavua viatu polepole, akavizunguka vitu kwa kunyata juu ya nyasi hadi upande wa pili wa nyumba, akasimama nyuma ya bibi bila kupumua kwa sauti. Bibi akaendelea kuongea na mahali alipokuwa amemwacha. Alimwambia asimsikilize mtoto, mkono si kitu, utapona kwa ute wa yai, akae tu apate kahawa. Alimwonyesha pa kukaa. Alitabasamu.

"Mawe," baba alisema kutoka nyuma yake, akimwita mama kwa Kihaya, "tangu lini?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Alitafuta kigoda kwa mguu, akakisimamisha, akakikalia.

Nimezitazama nyingi sana katika maisha yangu, hizo sinema za vitu, kwa kulazimishwa na watoto na sasa na wajukuu. Zote zinafanana kwa mambo niliyoyaona nikiwa mdogo, na zinafanana kwa jingine ambalo sikuliona. Vitu vile havijifichi ili kututisha, wala kwa sababu ni wachawi. Vinaogopa kutupwa. Kikombe hukimbilia kabati kwa sababu kikionekana kimebadilika hakitakuwa tena kikombe cha nyumba ile. Nilizilinganisha zile mbili kwa bidii ya mwanasheria nikasahau kujiuliza swali la kwanza, vinajificha kwa nini.

Wiki ile ile bibi alipakiwa kwenye lori la kahawa kuja Bukoba, na mimi pamoja naye. Kibanja akapewa binamu yake baba, ambaye aliubomoa msonge akajenga nyumba ya udongo yenye pembe nne. Ijuganyondo bibi alipewa chumba kizuri chenye saruji na kitanda cha chuma. Mama alimtunza vizuri, hilo siwezi kulikana. Lakini saruji haina njia, na watu katika nyumba ya watoto saba huweka vitu popote mkono unapofika. Bibi aliacha kutembea. Alibaki na meza ndogo karibu na kitanda, na juu yake kikombe, Biblia ambayo hakuisoma, na kitana, kila kimoja na mahali pake.

Wengine wakiingia na kusalimu, aliwaitikia kwa majina. Nikiingia mimi, kabla sijapiga magoti, aliuliza, "Umehamisha nini?"

"Sijagusa kitu, bibi."

Hapo alinyoosha mkono, akapapasa kikombe, akapapasa Biblia, akapapasa kitana, nikiwa nimesimama pale pale natazama. Hivyo kila siku, kwa zaidi ya miaka minne. Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama karani wa mizani anavyoangalia gunia la mtu aliyewahi kuweka mawe.

Siku ya kwenda shule ya bweni nilikwenda kumuaga, nikaona siwezi kuondoka na ule uongo. Nilikuwa msichana mkubwa sasa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kwamba kigoda nilikihamisha mimi, na mtungi, na kikapu, na ungo, na kwamba nilikuwa na akili za sinema kichwani. Nililia sana.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyonisikiliza siku ile tukitoka shuleni.

"Nilijua nilipoanguka," alisema. "Nilikusikia unavyopumua. Nilikuwa nangoja umwambie baba yako."

Nikamwambia kwamba nitamwambia, leo hii, akirudi kazini.

"Sasa umwambie ya nini tena?" bibi alisema. Akanyoosha mkono kutafuta maji yake. Kikombe kilikuwa kimesogea kidogo, huenda kiwiko changu kilikigusa nilipokuwa nikilia, na vidole vyake vilipita hewani pembeni yake, vikarudi, vikapita tena. Nilikiona. Kilikuwa mbele yangu kabisa, na sikuthubutu kukigusa.